Tope la Kilwa na Barafu ya Kusini

Sisi tuliokulia Newala tuliijua baridi kabla ya kuijua barafu. Najua msomaji wa Tanga au wa Dar es Salaam atashangaa, maana akisikia Mtwara huwaza minazi na jua la pwani. Lakini ukiondoka Mikindani ukapita Nanyamba na Tandahimba, nchi inapanda polepole wala huhisi kwamba unapanda, mpaka ufike Newala ukute uko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, na ardhi mbele yako imekatika ghafla. Mahali hapo panaitwa Shimo la Mungu. Chini ni bonde, mbele ni Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Mwezi wa sita na wa saba, kusi likishika, ukungu ulijaa mle bondeni alfajiri, kisha ukaukwea ukingo ukaingia vijijini, ukapenya kwenye nyufa za milango. Watoto tulijazana jikoni kwa bibi, tumeyazunguka mafiga, tunamenya ming'oko iliyotoka kuchemshwa, moshi wa kuni za mkorosho unatutoa machozi na hakuna aliyekuwa tayari kusogea.

Barafu yenyewe nilikutana nayo sokoni. Kulikuwa na mzee wa Mikindani aliyepandisha samaki kwa lori, wamelazwa ndani ya kasha la mbao, wamefunikwa magunia na maranda, na katikati mabonge ya barafu. Mpaka lori lifike Newala mabonge yalikuwa yamekwisha, vimebaki vipande vya kushikika mkononi. Alipokwisha kuuza nguru na changu wake alitugawia sisi watoto. Ladha ile ninayo hadi leo: chumvi, shombo, dizeli, vumbi la njia. Kila kitu ambacho lori lile lilikipitia kilikuwa mle ndani. Mwenzetu mmoja alikificha kipande chake mfukoni ampelekee mama yake, na alipofika nyumbani alichapwa kwa makosa mawili, kulowesha kaptura na kusema uongo.

Yule mzee alipenda kusimulia. Alisema kila mwaka kusi likivuma nyangumi hupita mbele ya Msimbati, wakubwa kuliko lori lake, na wanatoka kwenye bahari ambayo maji yake yameganda mtu anaweza kutembea juu. Soko zima lilicheka. Mama mmoja muuza mbaazi akamwambia, "Baba, tupimie samaki, hadithi tutazisikia usiku." Mzee akapima samaki, akasema tu, "Haya mwanangu. Lakini nimewaona."

Alikuwa anasema kweli. Wale ni nyangumi wenye nundu. Hula kwenye bahari ya Antaktika majira ya joto ya huko, kisha husafiri kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu ya pwani yetu, wakaonekana kati ya mwezi wa saba na wa kumi na moja. Chakula chao ni uduvi wa bahari ya baridi, na uduvi ule, ukiwa mchanga, hujificha chini ya barafu inayoelea na kula vijimea vinavyoota upande wake wa chini. Barafu iliyochekwa sokoni Newala ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wageni wanaopita Msimbati. Wakati ule nani angejua? Sisi shida yetu haikuwa barafu. Ilikuwa maji.

Uwanda wa Makonde hauna mto wala chemchemi juu yake. Mchanga wake unainywa mvua yote, na maji huenda kutokea chini kabisa, penye miguu ya ule ukingo. Mjerumani Karl Weule aliyekaa Newala mwaka 1906 aliandika habari za nchi hii ya vichaka isiyo na maji, na miaka zaidi ya hamsini baadaye mama zetu walikuwa bado wanazishuka njia zilezile. Jogoo wa kwanza akiwika, unasikia madebe yanagongana nje, na sauti ya mama mmoja anaita majina nyumba kwa nyumba. Tulishuka gizani kwa mstari, miguu inajua jiwe lililolegea liko wapi. Asiyebeba humpisha aliyebeba, hiyo ilikuwa sheria, hata kama anayeshuka ni mke wa jumbe. Tuliamkiana bila kuonana sura, mtu akajulikana kwa kikohozi chake. Kule chini palinuka majani mabichi na udongo wa baridi. Tukisha kuteka tunalaza tawi la majani juu ya debe ili maji yasirukeruke, tunaweka ngata kichwani, na safari ya kupanda inaanza kimya kimya, maana pumzi ya kuimba ilikuwa imeachwa kule chini.

Mjomba wangu, kaka yake mama, hakupenda kuona dada zake wakiteremka hivyo. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, akarudi na mabati na mifuko ya saruji. Akaezeka nyumba, akachimba kisima cha mvua kando yake, akakisakafia. Basi mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili maji yaliingia mle na rangi ya chai, yananuka majivu, na mjomba aliyanywa mbele ya majirani kikombe kizima ili waone kwamba kazi yake haikupotea bure.

Mwisho wa kiangazi kisima kikikauka, sisi watoto tulishushwa kwa ngazi kwenda kukikwangua. Mjomba alikuwa na sharti moja: tusikorogekoroge tope, tulikate vipande kwa jembe na kumpandishia juu. Mwaka mmoja baada ya yeye kuugua muda mrefu na kisima kuachwa misimu kadhaa bila kusafishwa, alikaa kitako penye mdomo wa kisima, akakipokea kipande kinene cha tope, akakiweka juani kwenye bati. Tope lilikuwa na mistari. "Njooni muone," alisema. Mstari mweusi ni majivu ya mashamba yaliyochomwa kiangazi, yaliyotua juu ya bati na kusombwa na mvua ya kwanza. Kwa hiyo kila mstari mweusi ni mwaka mpya. Juu ya mweusi, tope laini la mvua zilizofuata. Pale pembamba, mvua zilikuwa haba. Na ule mwekundu mnene, mjomba aliusugua kwa kidole, akanusa, akasema, "Hapa ndipo greda la serikali lilipopita." Hakuwa amesoma zaidi ya madarasa machache ya misheni. Lakini nasema bila kusita kwamba somo langu la kwanza la jiografia nililipata pale, nimechafuka tope hadi magotini.

Nikaenda kusomea ualimu Marangu, mbali na kwetu kuliko nilivyowahi kuwaza. Watu wa kusini tulifika kule tumejitanda kanga mbilimbili. Maua ya kahawa yalinukia hadi mabwenini, migomba ilipiga kelele usiku upepo ukivuma, na asubuhi ukitoka nje, kama mawingu yameruhusu, Kibo ya Kilimanjaro hiyo hapo juu, nyeupe. Mama wa Kichaga aliyekuwa akituuzia ndizi alisema alipokuwa msichana weupe ule ulishuka chini zaidi, na alinionyesha kwa kidole ulikofika. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa London walimbishia kwa miaka mingi. Mama wa watu wala hakuwa na habari za ubishi huo. Aliutazama mlima kila siku akiteka maji, basi.

Ramani ya mwaka 1912 na picha za mwaka 2000 zilipolinganishwa, ikaonekana kuwa karibu asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imekwenda. Na mwaka huohuo wa 2000 ndipo Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipopanda na wenzake na mitambo ya kuchoronga. Walitoa nguzo sita za barafu, ndefu kuliko zote ikiwa ya mita 50 na ushei. Wapagazi walizishusha, zikasafirishwa zimegandishwa mpaka Columbus, Ohio. Kwa hesabu yao, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka kama 11,700. Ndani yake walikuta vumbi, chumvi na floridi, na viwango vya vitu hivyo vilipanda zile nyakati ambazo maziwa ya Afrika Mashariki yalisinyaa na upepo ukayapepeta mabonde yaliyoachwa makavu. Kuna tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, la ukame uliotikisa nchi nyingi. Nilipoisoma habari ile nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu. Yale ambayo mlima ulikuwa umeyaweka tangu zama zile, sehemu yake sasa imo kwenye majokofu ya ng'ambo, na iliyobaki mlimani inaondoka. Wangeiacha ingeyeyuka. Ninalijua hilo, na bado roho inauma.

Nimeruka mbele. Turudi nyuma, hadi Masasi, maana huko ndiko nilikofundisha.

Masasi na Newala ni majirani, lakini hali ya hewa ni nyingine kabisa. Ukishateremka ukingo na kuuvuka mto Mwiti, joto linakupokea. Vile vilima vya mawe, Mtandi na ndugu zake, vinahifadhi jua la mchana na kukurudishia usiku. Wamisheni wa Kiingereza walifika pale mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wakaacha makanisa, kengele na miembe ya kivuli. Kipindi cha saa nane mchana ndicho nilichopewa daima, kwa kuwa wanaume waliokuwa wakipanga ratiba walikitaka kile cha asubuhi. Chaki, jasho la watoto arobaini na zaidi, na harufu ya korosho zinazokaangwa nyuma ya nyumba za walimu, ganda lake likitoa ule moshi mkali unaowasha koo. Ukutani nilitundika ramani ya dunia, na chini kabisa palikuwa na ule mkanda mweupe. Antaktika. Siku moja msichana wa dawati la nyuma, mtoto wa Kimakua asiyekuwa msemaji, aliinua mkono: "Mwalimu, kama hakuna watu waliokuwa wakiishi kule, nani anajua barafu ya zamani ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Darasa lilinyamaza. Swali zuri hunyamazisha darasa kuliko fimbo. Nikamwambia setilaiti zinaipima siku hadi siku tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, na kabla ya hapo walikuwapo mabaharia. Akauliza tena, kwa adabu, "Na kabla ya mabaharia?" Kengele ikalia. Swali lile nilikaa nalo miaka, hata baada ya yeye kuolewa Nachingwea na kuwa mama wa watoto wakubwa.

Jibu lilikuja vipande vipande, kama majibu mengi ya maana. Mwaka 1997 mtafiti William de la Mare alitumia kumbukumbu za meli za wawindaji wa nyangumi. Kwa kuwa nyangumi hulishia penye ukingo wa barafu, wawindaji waliwafuata hapohapo, na kila walipoua waliandika mahali. Kwa hiyo vitabu vyao vya damu vilikuwa pia ramani ya ukingo wa barafu. Vilionyesha kwamba barafu ya bahari ilirudi nyuma sana kati ya miaka ya hamsini na mwanzo wa sabini. Wengine wakabisha. Mtu anaweza kuandika vibaya, anaweza kudanganya alikowinda.

Kisha mwaka 2003 Mark Curran na wenzake wa Australia wakaleta shahidi asiyekuwa na biashara ya nyangumi. Walichukua barafu ya nchi kavu, kutoka mahali paitwapo Law Dome, ukingoni mwa Antaktika. Sikiliza inavyokwenda, maana ndipo uzuri wote ulipo. Barafu ya baharini ina vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaota ndani yake na pembeni mwake. Majira ya joto barafu inapovunjika, vinastawi kwa wingi na kutoa gesi yenye salfa. Gesi ikipanda hewani inageuka asidi, asidi ya methanisalfoniki, ambayo haina asili nyingine ila viumbe wa bahari. Upepo unaichukua nchi kavu, inashuka pamoja na theluji, theluji ya mwaka mwingine inaifunika. Mwaka ambao barafu ya bahari ilitanda sana, asidi ni nyingi. Mwaka iliposinyaa, asidi ni haba. Walilinganisha kwanza na picha za setilaiti, vikakubaliana, ndipo wakarudi nyuma hadi miaka ya 1840. Katika sehemu ile ya bahari, walisema, barafu imepungua kama asilimia 20 tangu mnamo mwaka 1950.

Eric Wolff na wenzake wakaenda mbali zaidi ya hapo. Wao walipima sodiamu ya chumvi katika nguzo ya barafu iliyochorongwa Dome C, zaidi ya kilomita tatu kwenda chini, na mwaka 2006 wakatoa historia ya miaka 740,000. Barafu changa ya bahari hutoa juu yake maua ya fuwele yaliyojaa chumvi, na upepo huyapukutisha na kuyabeba hadi bara. Nyakati za baridi kuu, chumvi nyingi. Nyakati za joto, chumvi kidogo.

Nilipoyaelewa hayo nilimwona mjomba wangu, marehemu, amekaa penye mdomo wa kisima na kipande cha tope juu ya bati. Mstari mweusi ni mwaka. Pembamba ni uhaba. Sugua, nusa, sema kilichopita.

Sasa nikuambie la tope la Kilwa, ambalo nimelichelewesha kwa makusudi, maana ndilo letu.

Mtu wa rika langu kutoka kusini ukimtajia barabara ya Dar es Salaam atakaa vizuri kwenye kiti. Kabla ya lami, na kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Mkapa, mwana wa Lupaso hapo Masasi, kwenda Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa kuaga kama anayekwenda Hija. Basi liliondoka Masasi limejaa magunia ya korosho, kuku wamefungwa miguu chini ya viti, na mama mmoja lazima awe na ndoo ya samaki wakavu. Mpaka Lindi mlikuwa bado mnacheka. Mkishaipita Lindi kuelekea Kilwa, mvua ikinyesha, kicheko kilikoma. Udongo ule wa mfinyanzi, wa kijivu, ulishika magurudumu usiachie. Wanaume walishuka kusukuma, wanawake tulishuka kupunguza uzito, na viatu vilibaki humohumo topeni. Utingo alikata matawi ya kutandika. Tulilala hapo, tukakoka moto, tukapika ugali wa muhogo wa mtu ambaye hatukumjua jana yake, na watu wakaoana kutokana na safari zile. Dereva mmoja mzee wa Kimwera alikuwa akisema, "Tope hili halinywi maji na wala halitoi. Likikushika limekushika."

Miaka ilipita, nikastaafu. Jioni moja akaja kunisalimu mwanafunzi wangu wa zamani aliyesomea jiolojia chuo kikuu, Mlimani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Tukanywa chai ya mchaichai, tukaulizana hali za watu, waliofariki na waliozaliwa. Ndipo akasema, "Mwalimu, unalikumbuka tope la Kilwa?"

"Nitalisahau vipi? Lina kiatu changu hadi leo."

Akacheka, akatoa kichupa na lenzi mfukoni. Akamwaga chembechembe kwenye karatasi nyeusi. Nilitazama kwa lenzi nikaona makombe madogo kuliko punje ya chumvi, yamejikunja, yanang'aa, safi kabisa. Foraminifera, akaniambia, viumbe wa bahari ya kale, na hawa walikufa mamilioni ya miaka iliyopita. Kwingine duniani makombe ya umri huo yamebadilika yakawa ya chokaa ngumu isiyosema kitu. Ya kwetu yamebaki kama yalivyokuwa kwa sababu mfinyanzi ule hauruhusu maji kupita. Halinywi maji na wala halitoi. Nikamkumbuka yule dereva.

Mwanangu yule akanieleza yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake, akiwamo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichoronga visima katika ukanda wa Kilwa na Lindi wakitafuta makombe haya. Katika baadhi ya nguzo za udongo walizozitoa, lilikutwa tabaka jembamba la miaka milioni 34 hivi iliyopita. Chini yake kuna kiumbe mwenye miiba, Hantkenina, tele. Juu yake hayupo tena, ametoweka duniani. Na hizo ndizo nyakati Antaktika, iliyokuwa na misitu, ilipoanza kufunikwa na barafu.

"Tope la Kilwa linajuaje habari za Antaktika?" nilimuuliza. Nilitaka aeleze kama mwalimu, naye akaeleza kama mwalimu. Maji ya bahari yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Nyepesi ndiyo inayopanda kwa wepesi na mvuke, ikaenda kuwa theluji. Theluji ikirudi baharini, hesabu inabaki palepale. Ikikwama nchi kavu na kuwa barafu, bahari nzima ya dunia inabaki na ile nzito zaidi, na kiumbe anayejijengea kombe mbele ya Kilwa anajenga kwa maji hayohayo. Magnesi katika kombe inasema maji yalikuwa na joto gani. Kwa njia hiyo Caroline Lear na wenzake, mwaka 2008, waliweza kutenganisha kupoa kwa bahari na kukua kwa barafu. Boroni inasema hewa ilikuwaje. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walitumia boroni ya makombe ya Tanzania kuonyesha kwamba barafu ile ilishika wakati hewa ukaa ilipokuwa imeshuka hadi karibu sehemu 750 katika milioni. Leo hewa ukaa imepita 420, na inapanda kwa kasi.

Nilinyamaza. Tope lililotuvua viatu, lililotunyima mazishi ya jamaa zetu kwa kutuchelewesha njiani, lilikuwa limekaa na habari za kuzaliwa kwa barafu ya mwisho wa dunia. Tulilikanyaga tukilitukana.

Sasa lami imefika, basi linatoka Masasi alfajiri na jioni mko Dar es Salaam, na wajukuu zangu hawajui harufu ya basi lililokwama. Newala mabomba yalikuja, Wafini wakayaongezea nguvu miaka ya sabini, na ingawa maji bado hukatika, njia za bondeni zimefungwa na vichaka. Simtanki jeusi limekaa mahali pa kisima cha mjomba. Silii kwa ajili ya madebe. Hakuna mama aliyeshuka ule ukingo gizani anayetaka mjukuu wake aushuke. Ninachokililia ni kwamba majina ya zile chemchemi, kila moja ilikuwa na jina na kisa chake, wanaoyajua yote sasa hawajazi mkeka mmoja.

Na kule kusini, Februari ya mwaka 2023, barafu ya bahari kuizunguka Antaktika ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, pungufu kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuitazama. Asidi ya mwaka ule imekwisha kushuka na theluji ya Law Dome na kufunikwa. Hakuna aliyeiagiza ijiandike.

Binadamu hatukuumbwa hivyo. Mjomba alijua mistari ya kisima chake, na kama asingetuita kuiona, nisingeijua. Kwa hiyo nimenunua daftari, naandika majina ya chemchemi, na wiki ijayo nakwenda Mahuta kwa dada mmoja mzee anayesemekana kuyajua mengine. Ana maneno mengi na chai yake haina sukari, nimeonywa. Nitakwenda hivyohivyo.